Andiko la Mwani

Mratibu aliniandikia nikiwa kazini, kwenye meza ya mapokezi ya hoteli moja ya Al Sadd, Doha, ambayo naifanyia kazi mpaka leo. Mbele yangu ilisimama familia ya Kikuwaiti iliyotaka vyumba viwili vinavyopakana, nami nilikuwa na kimoja ghorofa ya nne na kingine ya saba. Nilipomaliza kuwabembeleza ndipo nikafungua simu. Ujumbe ulikuwa mfupi. Wito mpya wa kuomba fedha za utafiti umetangazwa Ulaya, unahusu chakula cha baharini na maji yanayopata joto, unataka washirika wa Afrika, na yeye anataka tujaribu tena. "Bila wewe hakuna andiko la mradi," alimalizia.

Nilizima simu nikaenda kutafuta funguo za chumba kingine. Nilirudi na funguo za chumba kisichokuwa chenyewe, na mfanyakazi mwenzangu akaniuliza kama nimepata msiba.

Mratibu huyo ni mwanamke wa Kireno, mtaalamu wa mimea ya baharini. Nilimfahamu nyumbani Unguja, wakati nimetoka kumaliza shahada ya pili ya sayansi ya bahari na taasisi moja ya utafiti imeniajiri kwenye mradi. Mradi ule uligharimiwa na Umoja wa Ulaya, kupitia mpango wao mkubwa wa utafiti na ubunifu. Katika mpango huo mtu haombi peke yake. Ni lazima muungane, vyuo na taasisi na kampuni za nchi mbalimbali, mgawane kazi, na mmoja wenu awe mratibu wa kuwajibika kwa niaba ya wote. Sisi tulikuwa Wareno, Wafaransa, Wanorwei, kampuni ya Kidachi iliyotengeneza nyavu, na wa mwisho kwenye kila orodha, sisi wa Unguja. Tulitafuta namna ya kulima mwani kwenye maji ya kina, kwa sababu maji ya karibu na pwani yalikuwa yamepata joto na mwani ulikuwa unakufa.

Mimi sikuhitaji kuelezwa kwamba unakufa. Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenilea, na sare zangu za skuli zilitoka kwenye mwani wake. Kila bamvua, maji yakitoka, alikwenda na wenzake kufunga mbegu kwenye kamba walizozitandaza baina ya vigingi. Niliuona mwani wake ukibadilika mwaka hadi mwaka. Ulianza kupauka kwenye ncha, kisha ukawa mweupe na laini, na ukiushika unakatika mkononi kama kitu kilichopikwa. Wanawake walisema umeungua. Sisi tulikuwa na jina lake la kitaalamu, lakini neno lao lilikuwa sahihi zaidi.

Kulima kwenye kina kunataka boti, na kunataka mtu anayejua kuogelea. Wanawake wa kwetu, waliozaliwa na kuzeekea pwani, wengi wao hawajui. Basi mradi ukamleta mwalimu mwanamke kutoka mjini, na Shangazi, mtu mwenye wajukuu, akaingia baharini na dera lake na suruali ya mwanawe ndani yake. Nilikuwapo siku alipoelea kwa mara ya kwanza. Mwalimu alikuwa amemwekea mkono mgongoni.

"Niachie," Shangazi alimwambia.

"Bado, bibi."

"Niachie nione."

Mwalimu akautoa mkono. Shangazi akalala juu ya maji, macho yameangalia mbinguni, midomo ikisoma dua. Alikaa hivyo mpaka wenzake wakaacha kuzungumza. Aliposimama alinishika bega akanibana kwa nguvu, na mpaka tunafika nyumbani hakuwa ameuondoa mkono wake.

Halafu mradi ukaisha. Haukushindwa, wala hakuna aliyeuharibu. Muda wake ulifika tu. Mwani wa kina ulikuwa umevunwa mara chache na ulikuwa mzuri, mnene, wa rangi ya kahawia iliyokolea, na ripoti ya mwisho ikasema matokeo yanatia moyo. Boti ilikuwa mali ya mradi, kwa hiyo ikarudishwa taasisi, ikapandishwa juu ya magogo uani kusubiri mradi mwingine utakaoitilia mafuta. Upepo wa kusi ulipovuma nyavu zilizobaki zikachanika, na hapakuwa na mtu wa kuzifikia kuzishona. Mkataba wangu uliisha siku moja na mradi. Taasisi ilinishukuru sana. Nilizunguka na vyeti vyangu Unguja na Dar es Salaam mpaka viatu vikanilalamikia, kisha binamu yangu aliyekuwa mpishi Doha akaniambia hoteli yao inatafuta watu wa mapokezi wanaojua Kiingereza vizuri. Kiingereza changu nilikuwa nimekinoa kwa kuandika ripoti za Ulaya. Ndicho kilichonileta huku.

Kwa hiyo mratibu aliposema tujaribu tena, nilijibu ndiyo kabla zamu yangu haijaisha.

Siku yangu ya ofu ni Ijumaa, na Ulaya Ijumaa ni siku ya kazi. Wakati huo nilikuwa naishi Al Thumama, chumba kimoja na mwanamke mwenzangu wa Kikenya aliyekuwa mlinzi wa duka la vito. Asubuhi ya Ijumaa nilitundika kanga mbele ya vitanda vyetu vya ghorofa ili visionekane, nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikafungua kompyuta, na nyuso za wale watu zikajitokeza moja moja. Nilipewa kuongoza fungu la kazi la wakulima. Taasisi ya Unguja ilikubali kuliweka jina langu, kwa sharti kwamba tukipata nitarudi. Niliandika kuhusu vikundi vya wanawake, kuhusu maji ya moto, kuhusu kuogelea. Kila wiki ndege za uwanja wa ndege ulio karibu zilipita juu yetu, na kila wiki yule Mnorwei aliniomba radhi akidhani ni mtandao wake.

Mwenzangu wa chumbani aliniita Prof. Alikuwa akilala kitanda cha juu akisikiliza yote.

"Prof," aliniuliza siku moja nilipofunga kompyuta, "hiyo kitu mkiandika halafu wakatae, inaenda wapi?"

"Haiendi popote. Tunaandika nyingine."

"Na wale wenye wanasoma, wao wanalipwa?"

"Wanalipwa."

"Na nyinyi wenye mnaandika?"

Nilianza kukunja kanga. Akageuka akatazama dari. "Si hiyo ni kama betting tu," alisema. "Tofauti ni eti nyinyi mmesoma."

Sikumkasirikia. Alikuwa amempoteza kaka yake kwenye betting, si kwa kufa bali kwa kutoonekana tena nyumbani, na neno lile hakulitumia kwa mzaha.

Shangazi alipiga simu karibu kila Ijumaa baada ya sala. Saa zetu na za nyumbani ni zile zile, na hilo lilinifanya nijione kama nipo mtaa wa pili. Habari za andiko alikuwa ameshazisikia kutoka taasisi, na wenzake wote walikuwa wameshazisikia kutoka kwake.

"Tumeanza tena kuogelea," aliniambia. "Kila wiki mara moja. Tusije tukasahau, kisha boti ikaja tukawa tunatazamana."

"Shangazi, tumeomba tu. Kuomba si kupewa."

"Nalijua hilo, mwanangu. Hata Mungu tunamwomba."

"Mungu hana bajeti."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini wiki iliyofuata aliniambia wameziunga upya kamba za zamani, wamezianika kwake, ua mzima umejaa kamba na kuku hawana pa kupita.

Kabla ya tarehe ya mwisho ya kuwasilisha, mratibu alikuja Doha. Alialikwa kwenye mkutano kuhusu chakula na bahari katika hoteli kubwa zaidi ya yetu, na jioni moja, jua likiwa bado halijazama, tulikutana kwenye kigenge cha chai nyuma ya hoteli yetu ya Al Sadd. Nilikwenda na sare yangu kwa sababu zamu ilichelewa kuisha. Alinikumbatia, kisha akasogea nyuma akalitazama lile koti lenye nembo na kitambulisho kifuani, na nikaona macho yake yakitafuta pengine pa kutua. Tuliagiza chai ya karaki, ya maziwa na iliki. Alizungumzia andiko kwa muda, mambo ya kurasa na viambatisho.

"Tukipata utarudi nyumbani?" akaniuliza.

"Siku hiyo hiyo."

"Mimi pia ningependa kurudi nyumbani," alisema.

Nilidhani hakunielewa. Akanieleza, taratibu, kama mtu anayefungua kifundo. Hakuna chuo kilichowahi kumwajiri moja kwa moja. Maisha yake yote ya kazi yamekuwa mikataba ya miradi, nchi hii halafu nchi ile, na kila mradi ukikaribia kwisha huacha utafiti na kuanza kuomba mwingine. Amepanga chumba katika mji ambao hana ndugu. Mama yake ni mgonjwa katika mji mdogo wa kusini mwa Ureno, naye humwona sikukuu mpaka sikukuu. Mkataba alio nao unaisha mwaka unaofuata. Asipopata mradi huu, hajui.

"Mimi nilidhani wewe ndiye unayeajiri," nilimwambia.

"Mimi?" Alizungusha kikombe chake. "Mimi ni kama wewe. Ila pasi yangu ya kusafiria inapita milango mingi zaidi."

Nilimsindikiza mpaka kwenye teksi. Nikarudi kwa miguu katika joto lile, na nakumbuka sikuwa na hamu ya kufika popote. Miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba juu yangu kuna mtu aliyesimama mahali pagumu, na kwamba kamba niliyoishika imefungwa kwake. Kumbe naye alikuwa ameshika kamba tu, akiangalia juu.

Tuliwasilisha. Mfaransa mmoja alituma picha ya chupa ya mvinyo, na sisi wengine tukaandika hongera. Kisha ukaja ule wakati wa kungoja, na majira ya joto ya Doha yakaja nao. Nilikwenda kazini na kurudi kwa basi la wafanyakazi, nikagawa funguo, nikasikiliza malalamiko ya viyoyozi. Usingizini nilikuwa nikipanga vitu vya kufungasha. Niliwahi hata kumwahidi mwenzangu godoro langu, kwa kuwa lake lilikuwa limebonyea katikati.

Siku matokeo yalipotoka mratibu hakuandika, alipiga. Nilikuwa kwenye chumba cha mapumziko cha wafanyakazi, wali wangu uko mbele yangu. Nilijua kwa namna alivyonisalimia.

"Tumepita alama," alisema. "Tumepita vizuri. Ila waliopita ni wengi kuliko bajeti. Tumewekwa kwenye orodha ya akiba. Akijitoa mtu juu yetu, huenda."

"Huenda."

"Ndiyo." Nilimsikia akifunua karatasi. "Kuna jambo jingine katika maoni ya watathmini. Nilitaka ulisikie kwangu, usilisome peke yako. Linakuhusu."

Akalisoma. Lilikuwa jambo la heshima, bila neno moja kali. Walisema fungu la kazi la wakulima limeandikwa vizuri, lakini anayetajwa kuliongoza hivi sasa anaishi nje ya Zanzibar na hafanyi kazi ya utafiti, na haikuonyeshwa vya kutosha vipi ataliongoza. Hapo walikata alama.

"Wamesema kweli," nilisema.

"Si sababu pekee."

"Lakini bila hiyo tungepata?"

"Labda," alisema. Kisha, kwa kuwa hajui kudanganya, akasema, "Ndiyo. Tungepata."

Nilimshukuru kwa kupiga. Nikaufunika wali nikarudi kwenye meza yangu, na mgeni wa kwanza alitaka kujua bwawa la kuogelea linafungwa saa ngapi. Nilikuja Doha kwa sababu mradi uliisha na sikuwa na kazi. Sasa kuwapo kwangu Doha ndiko kulikotukosesha mradi. Jambo hili nililigeuza kichwani siku nyingi nikitafuta mahali nilipokosea, kwa kuwa kosa lingekuwa na nafuu yake, mtu angeweza kulitubia. Sikulipata. Ningebaki Unguja ningekula nini? Na watathmini nao, walikuwa wakilinda fedha za watu kama walivyoagizwa. Ningekuwa miongoni mwao ningeandika vile vile.

Mwenzangu wa chumbani hakusema alichokuwa na haki ya kusema. Alipika ugali, akakaanga sukuma na nyama, akaniwekea sahani kubwa. "Kula, Prof," alisema tu.

Ijumaa ile nilimpigia Shangazi mimi, bila kungoja simu yake. Nilimweleza yote isipokuwa lile la kwangu. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Haidhuru," alisema mwisho. "Miye nimeshapata kazi."

"Kazi gani, Shangazi?"

"Hapo hoteli mpya, pwani. Tunazoa mwani."

"Mwani upi?"

"Huu unaosukumwa na bahari mpaka ufukweni. Wageni hawautaki, wanasema unanuka. Tunakwenda alfajiri kabla hawajaamka, tunautia kwenye mapolo, wanaume wanakwenda kuufukia huko nyuma. Wageni wakitoka wanakuta mchanga mweupe."

Nikamuuliza kama bado wanaogelea.

"Pale pale ndipo tulipokuwa tunaogelea," alisema. "Sasa ni mbele ya hoteli. Hawapendi tuingie na nguo, na miye bila nguo siingii." Alitaka kucheka lakini kicheko hakikutoka. "Usisikitike, mwanangu. Mwezi ukisha hela ipo. Mwani haukuwa hivyo."

Nilimwambia nimefurahi. Nilipokata simu nililia, si sana, kwa kuwa mwenzangu alikuwa amelala baada ya zamu na chumba kilikuwa kidogo.

Kule kwenye akiba tulikaa mpaka ule wito ukafungwa. Hakuna aliyejitoa. Barua ya kutuarifu ilikuja kwa mratibu, naye akatupelekea bila kuongeza neno. Muda mfupi baadaye aliniandikia mimi peke yangu. Mkataba wake umeisha, na amepata kazi katika kampuni inayowaandikia watu maandiko ya miradi kwa malipo. Hatakwenda tena baharini, lakini kazi ni ya kudumu na anaweza kuifanyia nyumbani kwa mama yake. Nilimpongeza. Zilikuwa pongezi za dhati, na yeye alijua. Tangu hapo tunasalimiana sikukuu, yeye kwa zake na mimi kwa zangu, kila mara kwa maneno machache kuliko mara iliyopita.

Taasisi imewahi kuwa na miradi mingine. Mmoja ulikuwa wa mwani pia, nao walimchukua kijana anayeishi palepale Unguja, na ni haki yake. Nilimtumia data zote nilizokuwa nazo. Alinijibu kwa adabu, akaniita Mama.

Kamba za Shangazi hazipo tena uani kwake. Jirani alizichukua za kufungia mbuzi na nyingine zikaenda na takataka. Kila nikipiga ananiambia mgongo unamuuma kwa kuinama, kisha ananisifia wasimamizi wa hoteli, kwamba ni watu wazuri na chai wanapewa. Nilimuuliza siku moja kama baharini mwani bado unaungua. Akasema hajui, hana tena habari na mambo ya huko.

Mwenzangu wa Al Thumama alirudi kwao Kisumu mkataba ulipoisha. Mimi niliongeza mkataba wangu. Hoteli ikahamisha wafanyakazi wake kwenye nyumba ya upande wa Umm Salal, mbali na kazi, kwenye mashamba na kuta ndefu za udongo mweupe, na sasa ndani ya basi nakaa muda mrefu kuliko zamani. Sisomi humo. Hapo mwanzo nilikuwa nikisoma makala za fani yangu ili nisiachwe nyuma, lakini makala moja hutaja nyingine, na hiyo nyingine nayo ni mpya kwangu, nikaona niache.

Mwezi uliopita tulipata mfanyakazi mpya mapokezi, msichana wa Kiganda, mchangamfu, anayeandika kila kitu anachoelekezwa. Siku ya pili, wakati wageni hawapo, aliniuliza mimi nilisomea nini.

"Hoteli," nilimwambia.

Akaniuliza ni chuo gani, kwa maana angependa mdogo wake naye asome huko. Nikamtajia chuo kimoja cha Dar es Salaam ambacho sijawahi kukanyaga, naye akakiandika.